Kiti cha Kushoto

Ipuli, Tabora
2 Machi 2025

Shangazi Apolinaria,

Shikamoo. Ni mimi Advera wa kaka yako Nestory. Huku hatujambo, au niseme mimi sijambo, maana baba bado yuko kwenye ujenzi wa reli na anarudi mwisho wa mwezi akipewa ruhusa. Mvua ilibomoa ukingo wa choo cha nje, nimeuziba kwa matofali. Mama aliandika meseji kutoka Shinyanga, watoto wake wa huko walikuwa na homa, sasa wamepona. Mimi nasubiri kupangiwa kidato cha tano. Kusubiri kunachosha kuliko kusoma. Asubuhi nafagia uwanja, na jioni nafagia tena wakati hakuna aliyeuchafua.

Nakuandikia kwa sababu ulisema maneno ya simu hayakai. Sababu ya pili unaijua. Krismasi ulinipigia, nikaweka simu sikioni, sikusema kitu, na wewe hukusema kitu, mpaka vocha yako ikaisha. Nilikuwa na mengi, Shangazi, ila kwenye simu hayatoki. Kwenye karatasi yanatoka.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna fundi wa magari mtaa wa Kanyenye anaitwa Mfaume, Mzaramo, mtani wetu, mwenye gereji karibu na duka la vipuri. Tangu nimalize mtihani nashinda pale, nampa spana, najifunza. Kumbe alipeleka jina langu kwenye chama kimoja cha madereva wanawake kinachowalipia wasichana wa mikoani, na nimechaguliwa. Ni wikiendi ya mafunzo ya udereva wa kasi, tarehe 14 na 15 Juni, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani nje ya Dodoma. Hakuna kushindana. Wanafundisha kufunga breki kali, kukata kona, na kulirudisha gari likiteleza. Kila mtu anakwenda na gari, na Mfaume ananiazima Starlet yake nyeupe. Aliponipa funguo alisema mbele ya watu wote, "Nyie Wanyamwezi mmezoea mzigo kichwani. Nakupa usukani, usije ukajitwisha." Gereji nzima ikacheka. Mimi nilicheka wenzangu walipokuwa wameshamaliza.

Kitabu chao kimeandikwa kwa Kiingereza. Ninakisoma mara mbili, mara ya pili kwa Kiswahili kichwani, ndipo kinaingia. Kinasema Jumapili jioni kila mwanafunzi atampakia ndugu mmoja kiti cha kushoto na kuzunguka naye, ndugu aliyemfikisha pale. Aliyenifundisha mimi ni wewe. Nakumbuka shamba lenu la Usoke limeshavunwa, mimi nimekalia mto ndani ya Landrova ya hospitali uliyokuwa ukiendesha, ili nione nje, wewe unaning'inia mlangoni upande wangu, na Mama Suzana nesi amekaa kushoto na kapu lake mapajani. Njoo Dodoma, Shangazi. Sina mwingine wa kumweka pale.

Mtoto wako,
Advera


Usoke
21 Machi 2025

Mwanangu Advera,

Mwangaluka. Marahaba, na salamu zako nimezipokea zikinuka vitunguu, sijui yule kijana wa basi aliweka barua wapi. Sisi tuko salama. Karanga zimeshika vizuri upande wa bondeni, upande wa juu panya wameshazila kabla yetu. Kwaya imenitoa sauti ya kwanza, wanasema nakokota. Nimewaambia nimezoea barabara ya mchanga. Baba yako mwambie aache kujifanya kijana, reli itajengwa hata yeye akilala.

Huyo mtani wako usimjibu kwa kucheka, anaona ameshinda. Mwambie hivi: "Ni kweli babu zangu walibeba. Walibeba pembe, walibeba nguo, na babu yako pia, maana alichoka kabla ya Morogoro wakamfunga kwenye furushi." Sema huku unamtazama, halafu geuka uendelee na kazi yako.

Sasa gari. Kaa karibu na usukani, viwiko vikunjike. Tazama mbali, kule unakotaka gari liende. Viatu viwe vya soli nyembamba, usikie pedeli. Usikaze mikono kama unakamua nguo. Siku hiyo usile maharage. Maji kunywa mengi, hata kama hujisikii kiu, kwa sababu mtu akiogopa anakauka bila kujua.

Ila kuna kitu sielewi. Kasi ya nini? Mimi nilikimbia kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mama anayejifungua na barabara ilikuwa imekatika. Wewe nyuma yako kuna nini?

Nakutumia matobolwa ya viazi na chupa ya asali. Asali usimpe Mzaramo mpaka aombe radhi. Juni huku tunapukuchua karanga.

Shangazi yako,
Apolinaria


Ipuli
6 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Matobolwa nimepokea, nimeyala peke yangu siku mbili, nikatamani ningekuwa na mtu wa kuniambia nimwachie. Baba alikuja akalala usiku mmoja. Alikagua choo, akasema kazi nzuri, akaondoka na blanketi la pili.

Ile ya furushi niliifanyia mazoezi njia nzima kutoka Ipuli hadi Kanyenye. Nilipofika niliisema, sauti ikatoka ndogo. Mfaume akasema, "Rudia, hapa kuna kelele za kompresa." Nikarudia. Safari hii iliwafika wote. Fundi wa rangi aliketi chini kwa kucheka, na Mfaume akanawa mikono polepole akasema, "Hilo si lako. Hilo limetoka kwa mtu mzima. Nani?" Nikasema ni shangazi yangu. Akasema, "Mlete hapa nimwone uso kwa uso." Kwa hiyo umealikwa na Kanyenye pia.

Maandalizi yanaendelea. Tumebadilisha oili ya breki, ya zamani ilikuwa nyeusi kama kahawa. Tumeweka breki pedi mpya mbele. Kila kilicholegea ndani ya gari kinatoka: zulia, jeki, chupa, hata tasbihi ya Mfaume iliyokuwa kwenye kioo. Kitabu kinasema gari likigeuka ghafla hata kalamu inaweza kukupiga. Asubuhi nafanya mazoezi kwenye njia ya zamani ya misafara upande wa Kwihara, pale ambapo hapapiti watu wengi. Mwalimu wetu wa historia alikuwa akisema wapagazi walitoka huku mpaka pwani kwa miguu, wakiimba ili wasisikie urefu wa njia. Mimi siimbi. Nasikia mchanga tu unavyopiga chini ya gari.

Umeuliza nyuma yangu kuna nini. Nimekaa na swali hilo. Nyuma yangu hakuna kitu, Shangazi. Nyumbani nikinyamaza najiona kama nina kasoro. Shuleni walikuwa wananiuliza, "We Advera, umefiwa?" Ndani ya gari, ukienda kwa kasi, kila mtu ananyamaza, kwa sababu kazi ipo mbele. Pale kunyamaza kwangu kunakuwa sawa. Sijamwambia mtu hili, wala Mfaume.

Hukunijibu kuhusu kiti. Labda ulisahau. Watu wa Dodoma wanataka kujua jina la atakayekaa.

Advera


Usoke
27 Aprili 2025

Advera mwanangu,

Bwana asifiwe. Pasaka tumekula vizuri, mvua ilinyesha katikati ya mahubiri na bati likamshinda mchungaji. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha.

Kunyamaza si kasoro. Baba yako alianza kusema akiwa mkubwa, tulidhani ni bubu, na sasa ana watu chini yake kazini.

Kuhusu Dodoma, ni mbali na mgongo wangu hauelewani na mabasi. Mwombe baba yako. Au huyo Mzaramo, mwambie furushi bado tunalo, ataingia.

Kagua na upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijapata joto.

Apolinaria


Ipuli
11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mgongo. Huku kiangazi kimeanza, vumbi limerudi. Nilikwenda kanisani leo, nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya matangazo.

Nimegonga. Usishtuke, ni nguzo ya geti la gereji. Nilikuwa naingia taratibu kabisa, upande wangu kulia kuna nafasi tele, nikasikia kishindo. Kioo cha pembeni cha kushoto kimening'inia kwa waya, na mlango umechubuka. Mfaume hakugomba. Alitoka nje, akapanga madebe matupu pande mbili, akaniambia nipite katikati. Ya kulia sikugusa hata moja. Ya kushoto niliyalaza yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayezima taa.

Akaja dirishani. "Advera, mbona kushoto huangalii?"

Nikasema naangalia.

"Huangalii. Nimekutazama macho. Unakwenda kulia, mbele, kulia, mbele. Kushoto huendi kabisa. Unamsubiri nani akuambie?"

Nilikaa ndani ya gari mpaka injini ikapoa. Halafu likanijia. Nilisikia kabisa sauti: "Kushoto kisiki. Kushoto mbuzi. Kushoto pamenyooka, twende." Mama Suzana. Siku zote nilizoendesha kule shambani na kwenye njia ya zahanati, wewe ulisema ya kulia na yeye alisema ya kushoto. Nilidhani ndivyo gari linavyoendeshwa. Hata baadaye, nikiendesha peke yangu, kumbe upande ule nimeuacha kwake.

Alipofariki nilikuwa bweni, hawakuniruhusu kuja. Ulipokuja kunitembelea baadaye ulileta nguo na sabuni, ukauliza masomo, na hatukumtaja. Sikujua kama inaruhusiwa.

Shangazi, na wewe ulikuwa hivyo? Landrova ile ya hospitali, kioo cha kushoto nakumbuka hakikuwepo, kulikuwa na chuma kitupu. Ulikuwa unaangalia vipi upande ule?

Mfaume ananifanyisha mazoezi kila siku. Kila nikipita madebe lazima nitaje kwa sauti nilichokiona kushoto. Naona aibu kusema peke yangu ndani ya gari, lakini nasema.

Jina la wa kukaa bado sijawapelekea.

Advera


Ipuli
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilikwenda stendi mara kadhaa kumuuliza kijana wa basi, sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Baba alikuja. Nilimwambia nimekuandikia nini, akaacha kula. Akasema, "Mwache dada yangu." Sikuuliza zaidi, unajua sisi.

Kama nimekuumiza kwa kumtaja, nisamehe. Alhamisi tunaondoka na Mfaume. Kwenye nafasi ya jina nimeacha wazi.

Advera


Usoke
10 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Karanga bado ziko kwenye magunia, sijaanza kupukuchua. Nilikuwa nimekaa na barua yako.

Si mgongo.

Kile kioo kilivunjwa na tawi tukiwa tunamkimbiza mgonjwa, na hospitali haikupata kingine. Suzana, huyo unayemwita Mama Suzana, akasema, "Endesha, mimi ndiye kioo." Alisema kwa utani. Tukafanya hivyo miaka ishirini na kitu. Kanuni ilitaka nesi akae nyuma na mgonjwa, lakini alikuwa akishamweka sawa anahamia mbele, anageuza kichwa mara nyuma mara pembeni, na ananiambia. Hata barabara ilipokuwa nzuri aliniambia. Hata tulipokuwa tumegombana, alinuna na mdomo ukaendelea kusema kushoto jiwe, kushoto maji. Mimi sikuwahi kugeuza shingo. Ndivyo ulivyojifunza kwangu. Pole kwa nguzo ya watu.

Siku ya kumpeleka kwao Nzega kuzikwa walileta dereva mwingine. Walisema mimi nisiendeshe. Akanifungulia mlango wa kushoto, nikakaa. Miaka yote ile sikuwahi kukaa pale. Suzana alikuwa nyuma, kwenye sanduku. Mwanangu, upande ule dunia ni nyingine. Miti inakujia usoni. Mikono haina kazi, unaiweka mapajani inarudi, unaiweka tena. Kabla hatujafika lami nikaanza, "Kushoto mzizi. Kushoto shimo, jihadhari." Yule kijana alikuwa na heshima zake. Akaniambia taratibu, "Mama, naona."

Nikanyamaza mpaka Nzega.

Niliendesha mwaka mmoja baada ya hapo, na pale pembeni patupu, kisha nikarudisha funguo nikasema macho yamechoka. Siku hizi nikipanda basi nakaa kiti cha nyuma kabisa, cha wenye magunia. Kwa hiyo usiwaze kwamba sikupendi au sitaki kuona unavyoendesha. Kile kiti sikiwezi. Mweke mtu mwingine. Na usiseme tena huna mtu.

Shangazi yako


Ipuli
17 Juni 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta jana tulivyorudi, kijana wa basi alimwachia mama muuza mkaa. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa.

Dodoma kuna upepo mkavu, midomo imepasuka. Tulikuwa wasichana wachache, wengi wa Dar na Arusha, wanaongea Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, haraka, wote wanafahamiana. Ijumaa nilikula nje kwenye ngazi nikijifanya napiga simu. Mmoja alikuja kuniuliza, "Wewe ndio wa Tabora? Mmekuja na gari kweli au mmelibeba?" Nikamwambia tulilibeba mpaka Manyoni, kutoka pale likatubeba. Alicheka sana, akaniachia nafasi kwenye foleni ya chai. Hatukuwa marafiki, lakini jina langu alilijua mpaka mwisho.

Asubuhi wanakagua gari kila kitu. Breki zetu walizisifia, Mfaume akatembea kama bwana harusi. Ukifika mwisho wa barabara ya kurukia ndege, unafunga breki mpaka mkanda unakubana kifua, ndipo unakata kona. Mara ya kwanza nililiacha gari likazunguka likatazama nilikotoka. Mwalimu ni mama mmoja mnene, haongei sana. Alisema tu, "Sasa umejua mwisho wake uko wapi. Rudia." Nikarudia. Hapakuwa na kelele kichwani hata kidogo. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Jumapili jioni wote walikuwa na watu wao. Mmoja alimpakia bibi yake, kamvalisha helmeti juu ya kilemba. Mwingine alikuwa na baba ambaye alikuwa analia kabla hata ya kuingia. Mfaume akaja akasema, "Nikae mimi, Mnyamwezi? Furushi lako." Alisema kwa upole, nadhani aliona uso wangu. Nikamwambia hapana, asante. Mwalimu akauliza kama nimekosa mtu. Nikasema mtu wangu yupo, ila yuko Usoke.

Niliufunga mkanda wa kile kiti kitupu ili usipigepige, nikaondoka. Nikasema kwa sauti kila kitu cha kushoto. Kushoto koni. Kushoto nyasi. Kushoto watu wanapunga mikono. Na niligeuza macho mwenyewe, Shangazi, kila mara, na vitu vilikuwepo pale pale niliposema. Nilipomaliza mzunguko nililia kidogo ndani ya helmeti, haikuonekana.

Sikuombi tena. Nimeelewa. Nilitaka tu ujue kwamba sijamweka mwingine.

Wako,
Advera


Usoke
28 Juni 2025

Advera,

Salamu utazichukua nikifika. Nakuja Ijumaa kwa basi, nitakaa nyuma kama kawaida yangu. Mwombe Mzaramo lile gari siku moja, mwambie nakuja mwenyewe aniseme usoni, na asali nimebeba ya kwake.

Jumamosi unipeleke Nzega. Kaburi la Suzana sijalipalilia tangu tulipomzika, na watu wa kwao wamehamia Igunga. Nina jembe dogo.

Nitapanda mbele. Nimekaa juu ya kiti cha jikoni upande wa kushoto wa meza wiki nzima, jirani anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kushoto unaangalia mwenyewe sasa, kwa hiyo sitakuwa na kazi yoyote mle ndani. Nitakaa tu. Nikianza kusema mizizi na mashimo, usiniambie kwamba unaona, niache niseme. Wanasema barabara ya Nzega siku hizi ni lami tupu. Nenda kwa mwendo wako, ule uliojifunza.

Nikifumba macho, usisimame.

Apolinaria